Mkohozi

Saa nane na robo usiku. Mvua ya Friesland
inagonga kioo kama mdai anayejua nipo ndani.
Nina skrini tatu, kahawa iliyopoa,
na nchi iliyolala chini ya kimo cha bahari
ikiniachia mimi, Tjitske, nihesabu maji.

Skrini ya bodi ya maji: F-0417 imekufa.
Skrini ya manispaa: 88.3.206 inavuta,
lita mia tisa kwa sekunde, haina neno.
Skrini ya kiwanda, kwa upole wa muuzaji:
kifaa chenye tarakimu ishirini na nne
kimechoka kidogo. Kiangaliwe Jumanne.

Kwenye ramani, nukta tatu karibu na daraja moja,
zimebanana kama ndege kwenye waya.
Ni pampu tatu? Au ni moja,
iliyosajiliwa na watu watatu
wasiowahi kunywa chai pamoja?

Sina haki ya kushangaa. Tangu talaka
hospitali inaniita Bi. Wiarda,
watu wa kodi wananidai kwa jina la Sybren,
na benki, kwa sababu inazozijua yenyewe,
imenipasua: akiba kwa huyu, deni kwa yule.
Natamani siku moja mashine hizo zikutane,
ziulizane: wa kwako ana kovu kidevuni?
Analo.
Basi ndiye.

Pampu haina kidevu.
Nikafungua jedwali la ulinganisho,
mistari elfu sita, hiki ni kile, kile ni hiki,
kazi ya miaka mitatu ya macho yangu.
Jedwali likasema: zote tatu ni moja.
Nani aliandika? Mimi. Lini?
Ijumaa, saa kumi na moja jioni.
Ijumaa saa kumi na moja kila kitu hufanana.

Nikampigia Wobbe, mwenye ng'ombe,
nyumba ya mwisho kabla ya mfereji.
"Ipi?" akauliza, usingizi umemjaa kooni. "Mkohozi?"
"Nani?"
"Ile ya darajani. Sisi tunaiita Mkohozi."
Nikasikia buti, mlango, mvua ikiingia simuni.
Kisha Wobbe, polepole:
"Haikohoi."

Hapo nikakumbuka. Palikuwa na pampu nyingine darajani,
kuukuu, iling'olewa ikauzwa vyuma chakavu.
Nambari yake ilikuwa 88.3.206.
Mtu wa manispaa, asiyependa nambari ikae bure,
akampa mpya aliyezaliwa kilomita mbili kutoka pale,
kama mtoto anavyopewa jina la babu aliyezikwa.
Nukta tu ndiyo hawakuihamisha.
Kumbe ni somo! Somo wa marehemu,
anavuta maji kwa bidii huko kwake,
na mimi nimemwandikia pumzi za mgonjwa wangu.

Maji yalibakiza kiganja kufikia zizi la Wobbe.
Nikafungua lango la akiba, nikangoja,
nikatazama mstari wa buluu ukisita,
ukisita tena,
ukianza kushuka bila kunishukuru.

Alfajiri nikalirudia jedwali.
F-0417 ni sawa na yule wa tarakimu ishirini na nne.
Hilo liliingia.
Kuandika kwamba 88.3.206 *si* yeye, nilishindwa:
tulipojenga mfumo, sote tukiwa na furaha,
tuliweka alama ya kuunganisha
na hakuna aliyefikiria ya kutenganisha.
Nimeiomba. Wamenipa nambari ya ombi.

Kwenye safu ya maelezo nikaongeza: Mkohozi.
Mfumo ukakataa. Safu hiyo hupokea tarakimu pekee.

Saa mbili asubuhi fundi Radjin akapiga simu,
gari linanguruma, viper zinapangusa.
"Bi. Hoekzema, mbona karatasi yangu ina misimbo mitatu?
Niende kwa ipi?"
Nikamwambia jina.
"Aa," akasema, "ile," na akakata simu,
tayari anapinda kona.